Kwenda Darlington kwa gari kutazama Southern 500: anza kupanga na usiku wa kutoka

Msomaji wetu anayeishi Clarkston, Georgia, ameuliza hivi: "Mimi, mke wangu na watoto watatu, wa miaka 10, 7 na 3, tunataka kwenda Darlington, South Carolina, kutazama mbio za magari za Southern 500. Safari Rally ya kwetu tumeizoea, lakini za huku hatujawahi kuzitia machoni. Gari letu ni Toyota Sienna ya 2011, imeshatembea maili 148,000. Sisi tunakula halali. Tuondoke lini, tulale wapi, na ni nini hasa huwaharibia watu safari hii?"

Ndugu yetu, wengi safari hii huwaharibikia Jumapili usiku, mbio zikishakwisha. Darlington ni mji wa watu kama 6,000 tu, na uwanja wake una viti 47,000. Uwanja uko nje kidogo ya mji, kandokando ya barabara ya SC 151. Mbio hukimbiwa Jumapili inayotangulia Labor Day, yaani Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na miaka ya karibuni zimekuwa zikianza mnamo saa 12 jioni. Tiketi ikiandikwa 6:00 PM, hiyo ndiyo saa 12 yetu. Humu tunatumia saa za Kiswahili, basi hakikisheni na mkeo mnahesabu saa moja. Mbio zenyewe huchukua kama saa 4. Kwa hiyo mnamo saa 4 usiku umati wote huo unawasha magari kwa mpigo, watoto wako wamelala mabegani, na nyumbani ni maili 285.

Ndiyo maana tunakushauri uanze na swali la mwisho: usiku ule mtalala wapi? Ukishapata kitanda, nunua tiketi, kisha shughulikia gari. Mengine yote yatajipanga yenyewe.

Kitanda

Watu wengi hukimbilia Florence, maili kama 10 kutoka uwanjani, mahali I-20 inapokutana na I-95. Hoteli ni nyingi, lakini wiki hiyo bei hupanda, baadhi hudai ulipie usiku mbili au tatu, na pesa hairudi ukighairi. Zaidi ya hapo, Florence iko upande wa mashariki na kwenu ni magharibi. Utakuwa unapita katikati ya mji wa Darlington na umati, kisha asubuhi unaurudia mwendo ule ule.

Kwenu ninyi, pazuri ni Camden. Mji huo uko kwenye I-20, njia ya kutokea namba 98, upande wa kurudi nyumbani. Kutoka uwanjani ni karibu maili 45, na barabara ikiwa nyeupe unafika ndani ya saa moja. Ukilala Camden usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, chumba ni kile kile, huhami na mizigo, na Jumatatu mnabakiwa na maili 240 tu. Camden ikijaa, songa mbele hadi Columbia, yenye vyumba vingi zaidi. Weka nafasi inayokuruhusu kughairi bila faini hadi siku moja au mbili kabla, na usome sharti hilo kwa macho yako, kwa sababu Septemba ni mwezi wa vimbunga. Msimu wao ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele ni karibu na Septemba 10. Kuanzia Jumatano ya wiki ile, angalia ramani za National Hurricane Center kila asubuhi.

Wanaopenda hema wana hifadhi ya Lee State Park, njia ya kutokea namba 123, katikati ya Bishopville na uwanja. Kabla hujalipa, uliza jambo moja: geti hufungwa saa ngapi usiku, na mwenye nafasi ya kambi anaingiaje akichelewa. Kwa familia yenye mtoto wa miaka 3, kwenye joto na unyevu wa South Carolina mwanzoni mwa Septemba, sisi tungechagua chumba chenye kiyoyozi.

Tiketi, na mahali pa kukaa

Aliyezoea Safari Rally amezoea kusimama kando ya njia Naivasha, gari linampita mara moja, vumbi linatua, anasubiri la pili. Hapa ni uwanja wa lami wenye umbo la yai, urefu wake maili 1.366, na magari yote yako mbele yako muda wote. Mzunguko mmoja huchukua kama nusu dakika. Mizunguko ni 367, jumla maili 501.3. Imegawanywa vipande vitatu: cha kwanza kinaishia mzunguko wa 115, cha pili wa 230, cha tatu ndio mwisho. Namba hizo ziandike mahali, utazihitaji kwa ajili ya yule mdogo.

Usinunue viti vya chini hata kama bei inavutia. Ukikaa safu za mwanzo unachokiona ni wavu, rangi zinazopita, na vipande vya mpira vinavyorushwa na matairi. Panda, safu ya 20 kwenda juu, ili uone kona za pande zote mbili. Wenye watoto tunawapendekezea jukwaa la mbele linalotazama njia ya piti. Magari yakiingia kubadilisha matairi mtoto anaona kitu cha kueleweka: watu watano wanaruka ukuta, gurudumu limefungwa kwa nati moja tu, mmoja wao ameinua kopo la mafuta begani, na kama sekunde 10 baadaye gari limeondoka.

Nunua kwa uwanja wenyewe, kwenye tovuti yake au kwa simu. Tiketi huja kwenye simu, basi ihifadhi ndani ya pochi ya simu ungali nyumbani, kwa maana watu wakishajaa mtandao hulemewa na ukurasa haufunguki mbele ya geti. Uliza pia bei ya watoto. Katika viwanja vya NASCAR, shirika linaloendesha mbio hizi, wa miaka 12 kushuka wamekuwa wakiingia bure kwenye mbio za daraja la chini wakiwa na mtu mzima mwenye tiketi, na Jumapili hupewa punguzo kubwa.

Kuhusu mtoto wa miaka 3, tutasema wazi: Southern 500 ni ndefu mno kwake. Kama mna ndugu wa kumwachia, mwacheni. Kama hamna, amueni kabla ya kuondoka nyumbani kwamba kipande cha pili kikiisha, mzunguko wa 230, mmoja wenu atatoka naye. Mkilingoja jambo hilo liamuliwe na kilio chake, mtagombana. Na kama bado mnasitasita kabisa, kiwanja hicho hicho kina mbio za majira ya machipuko, Goodyear 400, mizunguko 293, ambazo huanza alasiri na kuisha mapema jioni. Kwa familia yenye watoto wadogo hizo ni nafuu kuliko za Septemba.

Mnakwenda kuona nini

Uwanja huu ulijengwa na Harold Brasington, mwenyeji wa Darlington, baada ya kwenda kutazama Indianapolis 500 mwaka 1933 na kurudi na wazo kwamba Kusini nako kunastahili uwanja wake. Mwenye shamba aliyempa ardhi, Sherman Ramsey, aliweka sharti moja: bwawa lake la visamaki lisiguswe. Ndipo upande mmoja wa uwanja ukabanwa kulikwepa bwawa na wa pili ukabaki mpana, na umbo likawa la yai. Hadi leo mafundi wa timu wanahangaika na sharti hilo la mkulima, kwa sababu gari lililotengenezwa likae vizuri kwenye kona za kwanza, zenye mwinamo wa nyuzi 25, linasumbua kwenye zile nyingine zenye nyuzi 23.

Mbio za kwanza zilikimbiwa Septemba 4, 1950, kwa magari 75. Mshindi alikuwa Johnny Mantz, akiendesha Plymouth isiyo na nguvu kubwa. Aliwashinda wenye injini kali kwa sababu alifunga matairi magumu ya lori. Wenzake walikuwa wakipasukiwa na kuingia kubadilisha, yeye anazunguka. Wastani wa mwendo wake ulikuwa maili 75 tu kwa saa, na kazi ilichukua zaidi ya saa 6. Gari lake limo kwenye jumba la makumbusho lililoko hapo hapo uwanjani. Jumamosi mpeleke mtoto wa miaka 10 akalitazame, halafu Jumapili mwambie atazame matairi. Lami ya Darlington ina mchanga mwingi na inakwangua mpira kama tupa. Mwenye matairi mapya humpita mwenye matairi ya mizunguko 30 kama aliyesimama. Ukilijua hilo tu, mbio zitakukolea.

Kitu kingine cha kutazama ni ubavu wa kulia wa magari. Njia ya kasi hapa iko shavu kwa shavu na ukuta, na dereva anayetaka kuwahi lazima ausogelee hadi ukaribie kumgusa. Wakitoka kwenye kona utaona moshi mdogo, na gari likirudi rangi ya ubavuni imefutika kwa mstari mrefu. Wenyewe huuita mstari wa Darlington.

Masikio ya watoto

Hapa hatubembelezi. Kelele za magari haya yakipita mbele ya jukwaa huvuka desibeli 100. Kwa kipimo cha wataalamu wa afya kazini wa Marekani, sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda ule hukatwa nusu. Kwenye 100 umebaki na dakika 15. Ninyi mnakwenda kukaa saa 4, na usikivu ukipotea haurudi.

Kila mtoto awe na vizuia sauti vya kufunika sikio zima, vile vyenye upinde wa kichwani. Kwenye boksi tafuta herufi NRR, yaani kipimo cha kelele zinazopunguzwa. Namba iwe 22 au zaidi. Mtoto wa miaka 3 avijaribu nyumbani wiki nzima kabla, akitazama katuni, vinginevyo atavivua mzunguko wa pili. Usimpe vile vya sponji vya kuingiza ndani, kwani kijitundu cha sikio lake ni kidogo na akikitoa atakitia mdomoni. Watu wazima na yule wa miaka 10 mnaweza kutumia sponji, ila wengi huviweka vibaya. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti ya kiberiti. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kivimbe humo ndani. Kikiwa kimekaa vizuri, anayekutazama uso kwa uso hakioni. Akikiona, kitoe uanze tena.

Uwanjani hukodishwa redio za masikioni za kusikilizia mazungumzo ya dereva na timu yake. Kodi moja mpokezane. Anayesikia dereva akilalamika kwamba gari linateleza nyuma huanza kuelewa kwa nini ameingia piti.

Gari

Sienna ya maili 148,000 ikitunzwa inafika bila shaka yoyote. Ikaguliwe wiki mbili kabla. Usifunge kipuri kipya Ijumaa usiku, kwa sababu kilichofungwa vibaya hujionyesha kwenye maili 50 za mwanzo, na hizo uzimalize ukiwa karibu na fundi wako.

Anza na matairi. Ubavuni pana maandishi yanayoanza na DOT, na tarakimu nne za mwisho ndio umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita likaguliwe na fundi kwa makini, la miaka kumi litupwe hata kama kashata zake bado ni ndefu. Chukua sarafu ya senti 25, iingize kwenye mfereji kichwa cha Washington kikiwa chini. Ukiona utosi wake wote, umebaki na chini ya 4/32 ya inchi, na mvua ya alasiri ya huko ikinyesha, tairi litaelea juu ya maji. Upepo upime asubuhi gari likiwa limelala, kwa namba iliyoko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa kwenye tairi ni kikomo chake tu.

Spea husahaulika na wote. Kama gari lako lina spea ile nyembamba, kwa kawaida hutaka upepo wa psi 60 na mwendo usiozidi maili 50 kwa saa. Ishushe mara moja ukiwa nyumbani, uhakikishe jeki na spana ya gurudumu vipo na unajua vinakaa wapi.

Kisha injini. Kama yako ni V6, yaani ya silinda sita, pampu ya maji huwahi kuvuja. Mwambie fundi amulike upande wa mkanda. Akiona ukoko wa rangi ya waridi uliokauka, hayo ni maji ya rejeta ya Toyota, na pampu ibadilishwe sasa. Oili ni 0W-20. Kama zimebaki chini ya maili 1,000 kufika zamu ya kumwaga, mwaga kabla ya safari. Betri ipimwe, maduka mengi ya vipuri hupima bure. Kiyoyozi kijaribu gari likiwa limesimama na kumejaa watu, kwani ndivyo mtakavyokuwa kwenye foleni ya kuingia uwanjani joto likiwa nyuzi 30 na zaidi za Selsiasi.

Mafuta: nyumbani hadi uwanjani, uwanja na Camden kwa siku mbili, na kurudi, inafika kama maili 660. Weka 680. Kwa maili 22 kwa galoni ni galoni 31, na galoni ikiwa dola 3 hiyo ni dola 93. Jaza Camden Jumapili kabla ya kwenda uwanjani. Usitegemee kujaza usiku njiani.

Njiani

Ondokeni Jumamosi saa 12 asubuhi. Ijumaa kuanzia saa 8 mchana Atlanta nzima inatoka mjini, na I-20 ya mashariki huganda. Shukeni I-285 kusini mpaka I-20, kisha ni moja kwa moja: Conyers, Covington, Augusta, mto Savannah, Columbia, Camden. Mkivuka tu mto kuna kituo cha wageni cha South Carolina chenye vyoo safi. Mnamo saa 5 hivi mtakuwa njia ya kutokea namba 116, Bishopville. Hapo pana bustani ya Pearl Fryar, Mmarekani mweusi aliyejifundisha mwenyewe kuchonga miti hai kwa mashine ya kukatia ua, akianza na miche iliyotupwa na wauza miti. Watoto watakimbia humo saa nzima. Hakikisheni tu iko wazi siku hiyo. Kutoka hapo pandeni US 15 hadi Hartsville, kisha SC 151 hadi uwanjani, na njia hiyo mwishike vizuri kichwani, kwa sababu ndiyo ya kutokea usiku wa kesho.

Mwendo wa I-20 mashambani ni maili 70 kwa saa. Georgia ukikamatwa na 85 au zaidi, juu ya faini ya kawaida wanaongeza dola 200. Majimbo yote mawili yanakataza kushika simu ukiendesha, basi ramani iwe kwenye kishikio na uipakue mapema itumike bila mtandao. Wa miaka 7 bado anahitaji kiti chake cha kuinulia.

Askari akikuwashia taa, egesha kulia, shusha kioo, weka mikono yote juu ya usukani na ubaki ndani. Kwetu dereva hushuka akamsalimie afande. Huku kushuka kunamtia hofu, na hofu yake ndiyo hatari kwako. Mwambie kwanza leseni iko wapi, ndipo uifuate kwa mkono. Asiye raia aliyetimiza miaka 18 sheria inamtaka atembee na kadi yake ya ukaazi au I-94, hati ya kuingia nchini, kwa hiyo wewe na mkeo mziweke kwenye pochi kabla hamjafunga mlango wa nyumba.

Mtapita mashambani, na hapa na pale nyumba itapeperusha bendera ya Shirikisho la Kusini, yale majimbo yaliyopigana vita ili kubaki na utumwa. Ndani ya viwanja vyake NASCAR iliipiga marufuku Juni 2020. Watoto wakiuliza kama watu weusi wamo kwenye mchezo huu, waambieni habari za Wendell Scott, aliyeshinda Jacksonville Desemba 1, 1963, na waonyesheni gari namba 23 la Bubba Wallace.

Chakula

Nyama choma ya eneo lile la Pee Dee ni nguruwe, huokwa mzima na kutiwa siki na pilipili. Kwa mla halali tatizo liko pia kwenye mboga: majani ya collard, ambayo ni sukuma wiki ile ile, na maharage, mara nyingi hupikwa na kipande cha nguruwe. Uliza kila mara. Kubwa zaidi, bebeni chakula chenu. Uwanja umekuwa ukiruhusu chakula na vinywaji kwenye begi laini la barafu, chupa za glasi hapana, na vipimo vya begi vimo kwenye ukurasa wao. Vipime kwa rula. Chapati, kuku wa kukaanga, na maji ya chupa yaliyogandishwa tangu Ijumaa yakae kama barafu. Hesabu nusu lita ya maji kwa kila mtu mzima kwa saa. Barabarani mkiona kibao cha karanga za kuchemsha, simameni. Ni zile zile za nyumbani, zimechemshwa na maganda na chumvi, na South Carolina imezifanya kitafunwa rasmi cha jimbo.

Jumapili

Dereva alale mchana, saa 6 hadi saa 8, gizani, simu imezimwa. Usingizi huo ndio utakaowafikisha Camden. Ondokeni saa 8 na nusu, mpitie Bishopville na Hartsville. Mkielekezwa maegesho, ombeni upande wa Hartsville, kwa kuwa mbio zikiisha polisi hupanga njia na hutachagua kuelekea kulia au kushoto. Maegesho ya kawaida yamekuwa bure, ni uwanja wa nyasi tu. Weka alama ya mahali kwenye simu, kisha piga picha ya kitu kisichohama, mfano mlingoti wa taa wenye namba. Picha ya gari la jirani haitakusaidia, litakuwa limeondoka.

Radi ikipiga ndani ya maili 8 kila kitu husimamishwa dakika 30, na radi nyingine ikipiga hesabu huanza upya. Rudini garini, ni mahali salama. Mvua nayo husimamisha mbio, maana matairi yao hayana mifereji, na lami hukaushwa kwa mashine kwa muda mrefu. Mwaka 2019 mvua ilichelewesha mbio hizi karibu saa 4, na Erik Jones akashinda ikikaribia saa 8 usiku. Kabla ya safari pangeni kikomo chenu; kwenu tungesema mbio zisipoanza hadi saa 3 usiku, ondokeni. Zikiahirishwa hadi Jumatatu, tiketi ile ile hutumika.

Zikiisha kwa wakati, msikimbie. Aliyekimbilia gari atakaa humo saa nzima injini inaunguruma na hajasogea hatua kumi. Kaeni vitini dakika 20, mwoneni mshindi akichoma matairi, nendeni chooni, kisha tembeeni polepole. Garini toeni chapati zilizobaki, wavisheni watoto nguo za kulalia, na msiwashe mpaka safu yenu ianze kusogea. US 15 ni giza na ina kulungu: punguza mwendo, taa kubwa ziwe zimewashwa pasipo na gari mbele. Na kwa hali yoyote usijaribu kuunganisha hadi Clarkston usiku huo, hata ukijiona mzima. Ni saa 4 na nusu za I-20 kuanzia saa sita za usiku, na ndani ya gari ni wewe peke yako utakayekuwa macho.

Jumatatu tokeni Camden kabla ya saa 3 asubuhi. Foleni ya kuingia Atlanta huanza kukaza mnamo saa 8 mchana, na mkiwahi hivyo saa 7 mtakuwa mnashusha mizigo.